Bango la Watoto Wanne

Fundi Sura hakupewa jina hilo kwa uzuri wake. Alipewa kwa sababu sura zote alizochora zilikuwa sura moja. Ukitazama ubao wa kinyozi wa stendi, ukuta wa duka la dawa, mlango wa fundi cherehani, yule mwanamume mwenye pua ndefu na nyusi zilizopanda kama mtu aliyeitwa kwa nyuma ni yule yule. Alikuwa shemeji yake. Miaka thelathini iliyopita shemeji alikaa mbele yake saa nzima, akachorwa akachoreka, na tangu hapo Fundi hakuona sababu ya kwenda kusumbua mtu mwingine. Alipotakiwa kuchora mwanamke, alimvika shemeji hereni. Shemeji mwenyewe alitembea mjini taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mali zake.

Kuhusu kazi, Fundi alikuwa na msimamo mmoja. "Picha ikihitaji mtu wa kuieleza, hiyo si picha, ni doa." Aliyasema haya kwa sauti, na waungwana hawakumkumbusha habari ya daktari wa meno, ambaye alichorewa jino zuri lenye mizizi chini, akawa wiki nzima anafukuza watu waliokuja kuulizia vigoda.

Alikuwa na mke, aliyemwita Mama Watoto, na vijana wawili waliokuwa kazini mbali. Binti yake mkubwa, mwalimu wa darasa la tatu, alikuwa bado nyumbani na amechumbiwa. Mchumba alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko, kwa hiyo nyumbani waliishia kumwita Fundi Simu, ili asichanganywe na Fundi mwenyewe.

Basi, hospitali kubwa ya mji ikamwita. Fundi alidhani ni kazi ya kuandika "Usiteme mate hapa," akaenda na brashi mbili. Akapelekwa ghorofani, kwenye chumba chenye meza ndefu, feni inayolia na sahani za biskuti, akaambiwa kwamba yuko mbele ya Kamati ya Mawasiliano ya Hatari za Kurithi. Mwenyekiti alikuwa mganga mkuu. Kuliani kwake alikaa mtaalamu wa mawasiliano, aliyening'iniza kitambulisho shingoni hata alipokuwa akinywa chai, na kushotoni mtakwimu, mtu mwembamba aliyetaja namba kwa huzuni kama anayetaja marehemu. Pembeni kabisa, karibu na mlango, alikaa muuguzi wa chumba cha tisa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaona wagonjwa wenyewe kila siku, kwa hiyo alikuwa amepewa kazi ya kuandika kumbukumbu za kikao.

"Fundi," mganga mkuu akaanza, "wagonjwa wetu hawaielewi hatari."

"Hatari gani, daktari?"

Akaelezwa. Kuna ugonjwa wa damu unaoitwa selimundu. Chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na mwenye nazo huumwa mifupa mpaka analia. Hauambukizwi kwa kugusana wala kwa kikombe, unarithiwa. Baba anaweza kuwa mzima na mama mzima, kumbe kila mmoja amebeba upande mmoja wa ugonjwa bila kujua. Wakikutana wawili wa namna hiyo, mtoto anaweza kubeba pande zote mbili, na huyo ndiye anayeumwa.

"Kila mimba, uwezekano ni robo," akasema mtakwimu, akainamisha kichwa.

"Tulijaribu vipeperushi," akaendelea mganga mkuu. "Tuliandika asilimia ishirini na tano kwa herufi kubwa nyekundu. Watu walikuja kuuliza punguzo linaisha lini."

Ndipo ikaamuliwa kwamba dawa ni picha. Bango kubwa, getini, baba na mama juu, chini yao watoto wanne: mmoja mgonjwa, wawili wabebaji kama wazazi wao, mmoja asiyebeba chochote. Hapo ilikuwa saa tatu asubuhi. Mpaka saa saba walikuwa bado wanatafuta rangi ya nguo ya mtoto mgonjwa. Nyekundu ilikataliwa kwa sababu ni ya timu ya mpira, na mashabiki wangechukia. Kijani ilikuwa ya chama. Njano ilikuwa ya chama kingine. Buluu ilikuwa ya kampuni ya simu, na kampuni ya simu ina mawakili. Mwishowe ikapatikana zambarau, rangi ambayo haikuwa na mwenyewe, na wanakamati wakapumua.

Ukaja uso. "Asionekane mgonjwa," mtaalamu wa mawasiliano akaonya. "Tutamnyanyapaa."

"Basi acheke," Fundi akasema.

"Asicheke! Tutaudharau ugonjwa. Awe na matumaini yenye tahadhari."

"Huo uso unakaaje, mheshimiwa?"

Mtaalamu akajaribu kuuonyesha. Kamati nzima ikamgeukia, Fundi akatoa penseli akamchora hivyo hivyo alivyo. Mtoto akatoka kama mtu anayezuia chafya, na ikakubaliwa kwa kauli moja. Chini ya miguu ya watoto zikapangwa nembo kumi na moja za wadau, kila moja kubwa kuliko kichwa cha mtoto yeyote. Muuguzi aliinua mkono mara mbili. Mara ya kwanza mwenyekiti alidhani anaomba karatasi, akampa karatasi. Mara ya pili kikao kilikuwa kimeahirishwa.

Bango lilisimama getini baada ya wiki tatu. Lilizinduliwa kwa kukata utepe, na shemeji alikuja kujiona akiwa baba, mama na watoto wanne kwa mpigo. Fundi alirudi nyumbani kifua mbele. Hakika hilo halikuwa jino.

Mwezi haukuisha, muuguzi wa chumba cha tisa akatokea kwenye karakana yake, bado amevaa sare.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kunipa pongezi?"

"Nimekuja kukuomba ulitoe bango lako. Linazalisha."

Fundi akaweka brashi chini. Muuguzi akasimulia akiwa amesimama. Kuna baba mmoja, ana watoto watatu wazima, yeye na mkewe wote ni wabebaji. Kaja kasema, "Nimeona pale nje, wa nne ndiye mwenye zambarau, basi sisi tumefunga." Huyo heri. Kuna mama ana mtoto mmoja tu, mgonjwa, na majirani wamekuja kumpongeza kwamba kazi ngumu ameimaliza, waliobaki watatu ni starehe. Kuna bwana amezaa mmoja, anataka kujua kama ni lazima wafike wanne, kwa sababu nyumba yake ni ya vyumba viwili. Na kuna bibi harusi ambaye fundi cherehani alimkatalia katakata kumshonea gauni la zambarau.

"Nilichora walichosema," Fundi akajitetea.

"Najua. Niliandika kumbukumbu." Akavua viatu, akakaa kwenye kopo la rangi lililopinduliwa. "Njoo ukae chumbani kwangu asubuhi moja, mzee wangu. Chora unachoona. Usiseme kitu."

Jumanne Fundi akaenda. Chumba cha tisa kilikuwa na meza moja, viti vitatu, mzani wa watoto, na dirisha lililotazama mgongo wa bango lake mwenyewe. Akapewa kiti pembeni. Waliotangulia kuingia walikuwa dereva wa lori na mkewe, mjamzito wa miezi sita, amebeba mtoto wa kiume wa miaka mitatu mwenye macho ya manjano.

"Huyu ndiye wetu wa zambarau," dereva akasema kwa furaha, akimpiga mtoto begani taratibu. "Ndiyo maana nilimwambia mama yake tuongeze. Sasa hivi njia nyeupe."

"Baba," muuguzi akasema polepole, "kila mimba inaanza upya. Huyu aliyeko tumboni naye ana robo ile ile."

"Robo ilishatumika kwa huyu."

"Haitumiki ikaisha."

"Dada, usinichanganye. Bango ni la serikali. Limesema wanne, mmoja. Nimehesabu kwa mkono wangu."

Muuguzi akashusha pumzi. "Aliyelichora ni yule pale."

Dereva akainuka akaenda kumshika Fundi mkono kwa mikono miwili. "Hongera sana, mzee. Umetufungua macho."

Katika miaka thelathini ya kazi Fundi alikuwa ametukanwa, amekimbizwa, na siku moja amemwagiwa rangi yake mwenyewe. Hakuna kilichomchoma kama ile hongera.

Muuguzi akaacha hesabu, akamgeukia mama. "Ilianzaje kwa huyu?"

"Alikuwa na miezi minane," mama akasema. "Vidole vilivimba, vya mikono na vya miguu, vikawa vinene vinang'aa. Ukimgusa analia. Mama mkwe akasema nimemwogesha maji ya baridi."

Penseli ya Fundi ikasimama. Alikuwa na dada mdogo zamani. Alikuwa na miaka tisa Fundi, na dada yake minne, na kila mvua iliponyesha yule mtoto alivimba vidole akalia sauti nyembamba isiyokatika. Alikufa hajafikisha miaka sita. Ukoo mzima ulikubaliana kwamba mama yao alimwogesha maji ya baridi, na mama yao hakuwahi kubisha. Tangu siku ile, mpaka anaingia kaburini akiwa mzee wa meno matatu, alipasha moto maji ya kila mtu nyumbani, hata ya wageni, hata kiangazi.

Dereva na mkewe walipotoka, Fundi alibaki amekaa.

"Mwanangu," akasema, "mtoto akiwa nao, wazazi wote wawili walikuwa wamebeba?"

"Lazima."

"Na ndugu yake mzima?"

"Huenda amebeba, huenda hakubeba. Uwezekano mkubwa amebeba." Muuguzi akamtazama. "Wewe umeshapimwa, Fundi?"

Mtu aliyekuwa ameuchora ugonjwa kwa futi nane kwa kumi na mbili alikuwa hajawahi kupimwa. Akakunja mkono wa shati.

Majibu yalisema amebeba. Alirudi nyumbani mchana, akamkuta mkewe anaanua nguo, akamweleza kila kitu huku akishika upande mmoja wa shuka. Mama Watoto alisikiliza mpaka shuka likakunjwa mara nne.

"Wewe ulitumwa kuchora," akasema, "umekwenda kuleta ugonjwa nyumbani."

"Sikuuleta. Ulikuwepo."

"Miaka thelathini na miwili niko hapa sijauona."

"Hauonekani, Mama Watoto. Ndiyo shida yake."

Kesho yake naye akaenda kupimwa, kwa hasira, akakutwa hajabeba chochote. Aliibeba ile karatasi kwenye pochi wiki nzima, akiwatolea watu. "Damu yangu safi," akawa anasema, mpaka muuguzi alipomwita pembeni na kumwambia kwa upole kwamba si mambo ya usafi, ni kama kuzaliwa na pua ndefu. Mama Watoto akafikiri kidogo. "Basi pua hiyo ni ya upande wa mume wangu," akasema.

Lakini tangu usiku wa siku ile ya shuka alikuwa ameshaelewa jambo ambalo mumewe alikuwa anaogopa kulitamka: kwamba binti yao mkubwa anaweza kuwa amechukua upande wa baba. Binti akapimwa. Amebeba. Fundi Simu akaambiwa, akacheka, akasema kwao hakuna ugonjwa wowote, kwao watu hufa kwa uzee na ajali. Akapimwa naye. Amebeba.

Jumapili mchana wachumba hao wakakaa sebuleni kwenye kochi moja, mbali mbali. Binti alikuwa amelia na amenawa. Fundi Simu alikuwa na bisibisi mfukoni, anaigeuza geuza.

"Nimefikiri," kijana akaanza. "Nimepita pale getini nikaangalia bango la baba. Tunazaa watatu tunaacha."

"Na zambarau akiwa wa kwanza?" binti akauliza.

"Tukimpata wa kwanza, basi tumemaliza mapema."

Fundi akahisi kama mtu anayesikiliza jino lake likisifiwa kwa kukalika. Akainuka, akatoka nje kwenda karakana, na wenyewe wakadhani amekasirika. Jirani yake pale alikuwa muuza soda, na vizibo vilitapakaa mlangoni kama kokoto. Akaokota vinne vilivyolingana. Viwili akavipaka nyeupe, viwili zambarau iliyobaki kwenye kazi ya hospitali. Wiki ile yote maneno ya muuguzi yalikuwa yamemkaa kichwani: kwamba kosa la bango ni wale watoto kusimama pamoja, kama waliofika na basi moja. Akapepea vizibo mpaka vikauka, akachukua makopo mawili matupu, akarudi sebuleni.

"Hili kopo ni wewe," akamwambia Fundi Simu. "Kizibo kimoja cheupe, kimoja cha zambarau. Ndivyo ulivyo. Hili ni binti yangu, vile vile. Sasa, fumbeni macho. Kila mtu atoe kimoja kwenye kopo lake. Hicho ndicho anachompa mtoto."

Wakaingiza mikono. Wakafungua macho. Zambarau na zambarau.

Binti akavuta mkono kama aliyeshika sufuria. Mama Watoto, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Ee Mungu wangu," ingawa vilikuwa vizibo vya soda.

"Huyo anaumwa," Fundi akasema. "Sasa rudisheni."

"Turudishe?"

"Kila mmoja arudishe cha kwake. Mimba ya pili inatoka kwenye makopo yale yale. Hakuna kilichopungua."

Wakarudisha, wakatikisa, wakatoa. Zambarau na zambarau.

"Haiwezekani!" Fundi Simu akaruka. "Wawili mfululizo? Bango limesema mmoja!"

"Bango ni langu," Fundi akasema, "na bango limedanganya. Tumbo halina kumbukumbu, mwanangu. Halijui mara ya kwanza lilitoa nini."

Mara ya tatu vikatoka cheupe na cha zambarau. Ya nne vivyo hivyo. Ya tano vyeupe viwili. Waliendelea mpaka wakaacha kufumba macho kwa woga, wakawa wanafumba kwa kutaka kujua. Mama Watoto naye akaomba zamu, akatoa vyeupe viwili, akasema, "Mnaona? Mkono wa mama," na kwa mara ya kwanza siku ile watu wakacheka. Walipofika mara ya arobaini binti, kwa kuwa ni mwalimu, alikuwa ameshachora mistari kwenye bahasha: wagonjwa kumi na mmoja, wabebaji kumi na tisa, wasiobeba kumi.

"Karibu na robo," akasema polepole. "Lakini hakuna anayejua ni mimba ipi."

"Ndiyo hiyo."

Fundi Simu aliweka bisibisi mezani. "Sasa baba, unatushauri nini?"

Fundi alikuwa na ushauri mwingi, mwingine wa woga na mwingine wa mapenzi, na wote ulikuwa mdomoni. Akaumeza. "Mimi nachora," akasema. "Nendeni chumba cha tisa mkaulize kila mnachotaka kuuliza. Mtakaloamua ni lenu, na hapa mlango uko wazi."

Muuguzi alipoletewa na Fundi yale makopo hakusifu. Aliyachukua tu, akayaweka mezani pake, na asubuhi hiyo hiyo akayatumia. Baada ya miezi mitano, mke wa dereva wa lori alikuwa ameshajifungua mtoto mzima, dereva akaja kuthibitisha kwamba bango halikukosea. Akapewa makopo. Alitoa zambarau na zambarau mara ya kwanza, ya pili na ya sita. Akatoka, akarudi baada ya saa moja kuomba aelezwe tena, safari hii amekaa.

Fundi sasa alikuwa amebakiwa na kazi moja. Aliiandikia kamati barua mbili akiomba bango lishushwe. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba bango limeshaingia kwenye ripoti kama mafanikio, kwa kuwa watu elfu kumi na moja walikuwa wamepita mbele yake. Basi Alhamisi moja saa nne asubuhi akafika getini na ngazi na ndoo ya rangi nyeupe.

"Mzee, una kibali?" mlinzi akamuuliza.

"Nina ngazi."

Mlinzi akaona jibu lina uzito, akamshikia ngazi. Mpaka saa sita watoto wote wanne walikuwa wamefunikwa. Wakabaki baba na mama, yaani shemeji na shemeji mwenye hereni, wameinamisha macho kwenye eneo jeupe, na chini yake nembo kumi na moja. Watu wakaanza kusimama. Mbona hawa hawana watoto? Wanatazama nini? Mlinzi, aliyechoka kuulizwa, akawa anajibu wote, "Ingia chumba cha tisa." Foleni ya chumba cha tisa ikafika kwenye ngazi za maabara.

Kamati ikaitisha kikao cha dharura kumchukulia Fundi hatua. Lakini kabla ya kufika ajenda hiyo ikasomwa taarifa kwamba waliokuja kupimwa mwezi ule ni mara tatu ya mwezi uliotangulia, hivyo ajenda ikabadilishwa jina, ikawa "Ubunifu wa Kamati." Mtaalamu wa mawasiliano akaeleza kwa kirefu nadharia ya eneo jeupe, ambayo kumbe alikuwa nayo tangu mwanzo. Yakazuka pia mambo ya vizibo. Je, vimeidhinishwa? Kwa kuwa ni vya soda, kampuni ya soda ni mdau? Ikaundwa kamati ndogo ya vizibo, na baada ya miezi minne ikatoa matunda: picha kubwa ya makopo mawili, na mbele yake vizibo vinne vimepangwa mstari mmoja, kimoja zambarau, na nembo kumi na mbili. Muuguzi aliipokea kwa saini, akaigeuza, akaandika nyuma yake zamu za wiki.

Mtakwimu peke yake ndiye aliyeshuka mpaka chumba cha tisa. Alikuja saa ya chakula, akafunga mlango, akatoa na kurudisha vizibo mpaka watu wa zamu ya mchana wakaingia. "Nimelifundisha hili miaka ishirini," akamwambia muuguzi. "Sikuwahi kulishika." Wanasema alikuwa anatabasamu, ila hakuna aliyewahi kuliona tabasamu lake kabla ya hapo kuweza kuthibitisha.

Binti na Fundi Simu walichukua miezi saba. Katikati yake walivunja uchumba wiki tatu, wakaurudisha. Ndugu wa pande zote walisema yao, wengine kwamba ni wazimu, wengine kwamba hospitali inatafuta wateja. Wakaoana. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alipimwa akiwa na wiki sita akakutwa mbebaji tu. Wa pili, wa kike, alipimwa vile vile. Fundi alikuwa amekaa nje ya maabara kwenye benchi, na alipomwona binti yake anatoka akitembea wima mno, akajua.

Binti hakulia pale. Alimkabidhi mtoto, akafungua mkoba, akatoa karatasi yenye tarehe za kliniki kwa mwandiko wa mwalimu, mistari imenyooka. Dawa ya kuzuia maambukizi kila siku. Homa hata kidogo, hospitali. Maji, maji, maji. "Tulijua inaweza," akasema. "Nilidhani kujua kutapunguza." Baba yake akasogea kumpa nafasi kwenye benchi.

Yule mtoto sasa ana miaka minne. Amelazwa mara tatu, mara moja vibaya. Siku nyingine zote anaongea kama redio ambayo baba yake ameisahau wazi. Kamati, iliyosikia habari zake, iliandika kuomba picha yake kwa bango jipya, awe na matumaini yenye tahadhari. Binti alijibu kwa mstari mmoja: mtoto hana uso huo.

Jumanne babu yake humpeleka kliniki kwa miguu, chupa ya maji mkononi, kwa sababu ni lazima anywe na yeye hataki kunywa. Husimama kila baada ya hatua ishirini kubishana.

"Kunywa, mama."

"Nimeshakunywa."

"Umenywa lini?"

"Jana."

"Ya jana yalikuwa ya jana. Kunywa."

Mtoto hunywa funda moja, humtazama babu kwa jicho la pembeni, akampa chupa. "Na wewe kunywa," husema. Babu hunywa. Kisha huendelea na safari.